Watu wa Plastiki

Mimi ndiye niliyebandika miti.
Mia na arobaini, ya sponji, kwa gundi na kibano,
usiku kucha ofisini kule chini, karibu na bandari ya Valparaiso,
pamoja na watu wa plastiki, warefu kama punje ya mchele,
nikawasimamisha mmoja mmoja kwenye ngazi mpya
ya mlima wetu wa kadibodi.

Jumanne tukaupandisha mlima mlimani,
mimi huku, Nibaldo kule, upepo ukitaka kutupokonya,
hadi shule ya kilima wanachokiita cha Kware.
Viti vilikuwa vya darasa la kwanza.
Wazee wakaketi, magoti yakigusa videvu.

Mhandisi alisema nusu saa.
Alisema mtiririko. Alisema mhimili.
Alisema wadau,
na mzee mmoja akageuka nyuma
atazame ni akina nani wameingia.

Maswali?

Kikohozi. Mbwa nje.
Kisha Eduvigis Catrileo, muuza mayai,
akainamia meza, akavaa miwani, akaivua,
akaashiria kwa kidole kilichopinda:
"Hawa watu wenu, mbona hawana mizigo?"

Tukatazama.
Kweli. Arobaini na watatu, mikono mitupu,
wanapanda kama moshi.

"Mimi napanda na mtungi wa gesi," akasema,
"na mtungi haujui mhimili.
Napumzika mara tatu: ukutani kwa akina Oyarzún,
kwenye jiwe la kinyozi,
na pale penye bomba bovu, maana saa tisa pana kivuli.
Ngazi yenu imenyooka, nzuri, kama ulimi wa mtu mwongo.
Nitaketi wapi?"
Akachana mfuko wa dengu kwa jino,
akaweka moja hapa, moja hapa,
na moja hapa.

Hapo ndipo kiti cha kwanza kilipoanguka.
Wakaja wote, kikao kikageuka gulio.
Mtoto akaweka kifungo cha shati: mpira hutorokea hapa.
Wladimir, dereva wa teksi, njiti iliyoungua:
hapa gari la zimamoto lilishindwa kugeuka,
tukazima kwa ndoo, na kwa mkojo, msicheke.
Ganda la karanga: maji ya mvua.
Kipande cha limau: hapa pananuka, mnajua wenyewe.
Mhandisi akasema jamani, jamani, tuna fomu,
na fomu zikawa za kupepea.

Mwisho akaja mwanamume aliyekaa karibu na mlango.
Hakutoa jina.
Akaweka kizibo cha chupa kwenye kona ya chini,
mahali ambapo sisi tulichora kona tu,
akakisukuma kidogo kushoto,
kidogo tena,
akatoka.
Chumba kizima kikatazama sakafu.

"Maoni yenu tutayazingatia," akasema mhandisi,
neno letu la kufungia milango.

Ijumaa meya alikuwa aje kuuona mfano.
Safisha, nikaambiwa.
Nikachukua kibano, nikaishika dengu ya kwanza,
nayo ikagoma:
kumbe usiku ule, bila kujijua, nilikuwa na gundi mkononi
nikimfuata yule bibi nyuma nyuma.

Ngazi imejengwa. Mabenchi ni mawili.
Moja liko hatua nne nje ya kivuli,
na Eduvigis hulikalia huku akilitukana.
La tatu walijitengenezea kwa mlango wa zamani;
kitasa kingali kimo, watoto hukizungusha
na kuingia pasipojulikana.
Mimi sasa kila mtu wa plastiki namtundika kitu mkononi.
Nibaldo anasema nachelewesha kazi.

Ila kizibo.
Kwenye ramani zetu kuna alama ya taa,
ya bomba, ya mti, ya mfereji.
Nilitafuta, sikuona ya kumfaa.
Ninacho kwenye droo, kati ya vibano,
nami sikumkimbilia pale mlangoni nimwulize
alitaka taa, au kishikio cha mkono,
au kwamba mahali pale
tusijenge kitu.