Safu ya Nne

Niliingia kwa sababu ya mvua, nisikudanganye.
Nilikuwa natoka Parklands, kwenye bafu la watu,
saruji imenikaukia kwenye kucha,
na lango la makumbusho lilikuwa wazi,
na bango: Vigae vya Uajemi. Mhadhara. Kiingilio bure.
Bure, nikasema. Vigae, nikasema.
Mungu naye ana utani.

Mlinzi akachungulia mfuko wangu:
mwiko, pima-maji, kisu cha kukatia.
"Hivi utaviacha hapa."
Nikaviacha, kama waachavyo viatu msikitini.

Viti mia moja, watu hawafiki thelathini.
Jaji mstaafu amesinzia kabla ya salamu.
Mama wawili wa Ngara wanagawana shali moja.
Wanafunzi wa chuo wamekuja na madaftari, na njaa:
kuna sambusa baadaye, wamekwisha kuzihesabu.

Daktari Nargis Lokhandwala ana sauti ndogo
na kikalamu kitemacho nukta nyekundu.
Akazima taa. Ukuta ukafunguka.

Sijui nikueleze vipi.
Buluu ile si ya sare za shule,
si ya mapipa ya maji juu ya paa.
Ni buluu ya mwali wa gesi
unapouwasha jikoni na watu bado wamelala.
Nyota za ncha nane, katikati misalaba,
nyota, msalaba, nyota, zimeshikana vidole
miaka mia saba, na kiungo hakijapasuka.
Mimi nina bafu South B, mwaka wa pili tu,
mwenyewe ameshanipigia simu mara tatu.

Akaeleza wafalme. Akaeleza udongo, tanuri,
aya zilizopita ukingoni kwa mkono mwembamba.
Wafalme nikawavumilia.
Nilikuwa namtafuta fundi.

Halafu nukta nyekundu ikatua.
"Tazameni hiki, safu ya nne, mwisho kabisa.
Kimegeuzwa. Maandishi yamesimama kichwa chini.
Husemwa fundi alikosea makusudi,
maana ukamilifu ni wa Mola peke yake."
Ukumbi ukaguna kwa utamu.
Shali ikasema Subhanallah.

Mkono wangu ukapanda kabla sijaushauri.
"Samahani, Daktari. Hapo pembeni pana mlango?"
Akarudi nyuma, akatazama. "Upo. Umekatwa na picha."
"Basi aliyekiweka si fundi. Ni kijana wake.
Ilikuwa jioni. Fundi alikuwa nje, anadai pesa.
Aliporudi, chokaa imeshashika.
Akakitazama.
Akakiacha."

Jaji akaamka.
"Umejuaje?" akauliza Daktari, na hakuwa ananicheka.

Ningemwambia Kileleshwa.
Ningemwambia nyuma ya mlango wa choo cha wageni,
ua moja kati ya mia mbili linalotazama chini,
na mimi nimesimama nalo, nusu ya malipo mfukoni,
taa ya simu mkononi, Kyengo ananawa miguu uani
anapiga mluzi, hajui.
Mwenye nyumba hajaliona hadi leo.

Nikasema tu: "Nimewahi kurudi, nikakuta."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake.
Sikuona ni nini. Labda bei ya petroli.

Sambusa ziliisha kabla sijafika mezani.
Mama mmoja wa Ngara akanimegea yake,
akaniuliza jikoni kwake nitamfanyia kwa ngapi,
nikamtajia, akashtuka, akasema wafalme wale walilipa kidogo.

Nje mvua imekatika, lami inang'aa
kama imepakwa rangi ya tanuri, basi, tuseme hivyo.
Nikampigia Kyengo.
"Kuna nini, mkuu?"
"Hakuna. Lile ua la Kileleshwa..."
"Si nilishaomba msamaha!"
"Liache. Nataka kujua tu,
siku ile, ulipokuwa unaliweka,
ulikuwa unawaza nini?"

Kimya. Mahali fulani kwake sufuria ikagongwa.

"Chakula," akasema.