Kikapu cha Saba

Uwanja wetu unaanzia nyuma ya bweni la zamani, Kaimosi,
pale nyasi zimepita goti na mapera
yamejiotea bila kuomba ruhusa.
Vikapu vilikuwa tisa. Fundi Lugadiru alivichomelea
mwaka ule mwalimu mgeni alipokuja na sanduku la visahani,
akatufundisha kurusha, akaenda zake
kabla hajatufundisha kuhesabu.

Leo Jumapili, saa tisa, tuko wawili, mimi na Agesa.
Visahani vizima ni viwili:
chekundu changu, chake cha buluu chenye alama za meno ya mbwa.
Cha akiba ni kifuniko cha ndoo ya rangi.

Kikapu cha kwanza kimeinama kama mtu aliyeangusha sarafu.
Narusha. Kisahani kinaelea, kinasita, kinakata kushoto,
na minyororo inasema
chwa!
Sauti hiyo sijaisikia tangu tupalilie mahindi.

Cha pili, ng'ombe amefungwa kwenye nguzo.
Sheria za hapa: ng'ombe ni sehemu ya uwanja.
Ukimgonga, rudi nyuma hatua tano, umwombe radhi.
Cha tatu, kuku anaatamia ndani;
tunagusa chuma kwa kidole, polepole,
tunaandikiana tatu tatu, tunapita kwa kunyata.
Cha nne na cha tano vimo humo michongomani.
Tunarusha kwa imani.
Cha sita, mpira wa nailoni wa watoto umekwama kapuni.
Tunautoa, tunaupiga teke, tunasahau kuhesabu.

Cha saba hakipo.
Shimo, na duara la kutu kwenye udongo mwekundu.
Agesa anatukana kwa Kimaragoli,
kisha anarudia kwa Kiswahili ili uwanja wote uelewe.

Ndipo huko bondeni, ng'ambo ya kijito:
chwa!

Mama Mmbone anafunga lango la mbuzi.
Minyororo kumi na miwili, imepangwa vizuri kuliko ilivyokuwa kwetu.
"Niliokota," anasema kabla hatujauliza.
"Chuma kikilala chini kinakuwa cha anayeinama."

Agesa anapima kwa jicho: mpera, mteremko, kijito, lango.
"Mama, sogeza mbuzi."
"Mkivunja mtalipa."
Anageuza debe, anakalia, anakunja mikono
kama mwamuzi aliyezaliwa na kazi hiyo.

Changu kinatua kwenye kunde zake.
Cha Agesa kinapanda, kinapotea kwenye wingu jeusi
hata nikadhani ndiyo basi, kimekwenda Kapsabet,
kisha kinashuka kwa ubavu, bila haraka.
Chwa!
Mbuzi wanalia. Mama Mmbone anainua kidole kimoja,
hajui kwamba hapa hakuna aliyewahi kupata moja.

Mvua ikatukuta hapo.
Cha nane hatukukifikia. Cha tisa
Lugadiru alizikwa hajalipwa,
na kila tukikaribia huwa tunapata sababu ya kurudi nyumbani.
Kisahani changu kiko kwenye kunde.
Kesho nitakifuata, nikiwa na shilingi mia za mboga
na grisi kidogo ya lango.