Dakika Tano za Zihalirwa

Zihalirwa, komisyoneri wa viatu vyenye ncha,
alisema: Mama, ni dakika tano tu hadi lise.
Kumbe dakika zake zote zilikuwa za kuteremka.
Kupanda, udongo ukiwa umelainishwa na mvua ya Novemba,
nilihesabu ishirini na mbili,
na kandambili yangu moja ikabaki huko nyuma.

Nilikuwa nimechoka kumwamsha Nsimire saa kumi za usiku,
kule Panzi,
kumpa chai gizani, kumwambia: pita katikati ya njia,
usiambae ukuta, wasubiri wenzako.
Mwaka wa nne, biyokemi,
na anasinzia juu ya daftari.

Nyumba ya kwanza: vyumba viwili,
choo cha kuchangia na milango saba.
Mwenye nyumba akauliza: Mume yuko wapi?
Kamituga, nikasema, anachimba dhahabu.
Na hiyo dhahabu, huwa inarudi nyumbani?
Nikatazama dari.

Ya pili ilikuwa na kalenda ya parokia,
ya mwaka wa zamani,
imetundikwa chini mno, usawa wa goti.
Nikaiinua.
Mkono wangu ukazama ukutani hadi kiwiko,
vidole vikapigwa na upepo wa bondeni.
Zihalirwa akasema: Hapa dirisha huhitaji.
Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe,
maana mlima wa Bukavu ukiamua kushuka
haubishi hodi.

Ya tatu haikuwa nyumba. Ilikuwa depo ya saruji.
Mjane M'Cibalonza alifagia mbele yetu,
vumbi likatukalia kwenye nyusi,
tukazeeka sote kwa pamoja.
Garanti, miezi sita.
Nikafungua kitambaa: dola zinazonuka sambaza.
Akazinyanyua moja moja kwenye mwanga wa mlango.
Moja ilikuwa na mpasuko
mdogo, kama ukucha wa mtoto mchanga.
Hii hapana.
Mama, nikamwambia, haijachanika, imechoka tu.
Akaniangalia. Akaangalia kandambili yangu moja.
Akaitia mfuko wa kushoto, peke yake,
na kengele ya lise ikalia karibu hivi
hata maji ya ndoo yakatetemeka.

Sasa ni hatua arobaini kutoka kitandani hadi langoni,
na Nsimire anachelewa!
Prefe ameniita mara mbili.
Wa mbali anakimbia, jirani anajinyoosha.

Mimi bado naamka saa kumi.
Nawasha makaa, sina wa kumwamsha.
Halafu, kabla hakujapambazuka, nyuma ya bati letu,
miguu:
viatu vilivyolowa, vya Panzi, vya Cimpunda,
na sauti ya mtoto mmoja, kila siku ileile,
akiuliza wenzake saa ngapi.
Juzi nilimjibu kupitia ukuta, wakatimua mbio.
Jana nilitoka na birika.