Sindano ya Chake, Sindano ya Unguja

Miaka ishirini na sita nimeshika sindano miye,
si sindano kunishika.
Kofia za kutunga, tundu kwa tundu, uzi mweupe juu ya bafta,
mpaka dole gumba likaanza kunisema
nikinyanyua birika, nikikamua nguo;
hata kifungo cha mtoto nikawa namwita jirani.

Daktari Shaame wa Chake akaniambia:
likunje dole ndani ya ngumi,
kisha pinda mkono kuelekea kidole cha mwisho.
Nikapinda. Nikamtaja marehemu mama.
"Ndiyo yenyewe," akasema,
kama mtu aliyeiona pesa yake iliyopotea.
Kano zimevimba, ala imezibana:
uzi mnene, tundu dogo.
Hilo nililielewa bila kufasiriwa.

Akanichoma ile ya kupoza uvimbe.
Ijumaa sindano, Jumatatu nakuna nazi!
Nusura nimpelekee jogoo.
Mwezi wa tano maumivu yakarudi bila hodi,
na pale ilipopita sindano ngozi imepauka,
doa mfano wa punje ya kunde.
Naliziba kwa bangili.

Wifi yangu Mize alivuka kwenda Unguja.
Huko walimtoa damu yake mwenyewe,
wakaizungusha mashineni mpaka ikajitenga,
wekundu chini, manjano juu,
wakamrudishia yale manjano palepale panapouma.
Bei yake kofia kumi na moja, nauli ya boti mbali.
Wiki mbili hakulala.
Alimlaani daktari, akailaani mashine,
akanilaani na mimi niliyemsindikiza.
Wiki ya sita akanyamaza.
Sasa mwaka, bado kanyamaza,
anashona huku akinitupia jicho la pembeni.

Hapa Wete wanatuuliza nani kashinda,
kana kwamba tulicheza karata.
Yangu ilikimbia kuja, ikakimbia kuondoka.
Yake ilijikongoja, ikafika, ikakaa.
Lakini Shaame asema mikono miwili si ushahidi,
yuko aliyechomwa kama miye mara moja tu
na mpaka leo anasukuma chapati.

Jana Mize kaniletea gango lake la zamani,
lile la kufunga dole lisitembee.
"Lipumzishe kwanza, wifi. Sindano haikimbii."
Kofia ya bwana harusi wa Konde ilibaki robo.
Nimemwachia aimalize.
Mishono yake mirefu kuliko yangu.
Bwana harusi hatajua.
Miye najua.