Ugonjwa Siumwi Mie

Laini nilinunua, Ngamiani juzi juzi,
Asubuhi nafagia, ikalia kama mbuzi,
Mtu akaniambia, “Lipa leo, wewe mwizi!”
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

“Wewe ndiye Shekiondo, fundi wa baisikeli,
Ulikopa kwa vishindo, laki tatu, si kejeli,
Leo wabadili mwendo, wabana sauti kweli!”
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

Nikamjibu: “Kijana, mimi ni mama mshoni,
Mwanamkasi ndo jina, waulize mtaani,
Baisikeli mi sina, nina cherehani ndani.”
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

Akasema: “Basi mke, mwagawana majukumu,
Laini hii ni yake, ushahidi umetimu,
Sasa lipa, usicheke, ama tukupe elimu!”
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

Mume wangu, Bwana Heri, alishanitangulia,
Hata deni la sukari, yeye hakuniachia,
Alipoona safari, wadai kaulizia.
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

Hakukoma; kila saa, ujumbe wenye vitisho,
Natunga sindano, paa! waja “ujumbe wa mwisho”,
Miisho saba yajaa, sijauona wa mwisho.
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

Jumamosi akafika, na faili la manjano,
Kiatu kimechanika, joto la Tanga ni mno,
Mlangoni akataka cherehani, kwa mkono.
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

Nikamwambia: “Karibu, kiti hiki, kaa chini,
Deni halina ghadhabu, lina hati na saini,
Lifunue taratibu, nisome yaliyo ndani.”
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

Kulikuwa picha pale, ya mtu mwenye sharubu.
“Zangu ziko wapi zile? Nitazame kwa karibu.”
Akanitazama mbele, nyuma, akakosa jibu.
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

“Laini aliachia, wenyewe wakaiuza,
Kwa buku nikachukua namba tu, sikuongeza,
Nyumba yake wahamia, mkewe wamliwaza?”
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

Nawe uliyeitupa laini, hapo ulipo,
Najua watapatapa, riba yazidi mkopo,
Salamu moja nakupa: mamako kapiga, yupo.
Dawa ya deni kulipa, ila silaumu mie.

Akaketi, akahema, akaniomba na maji,
“Mshahara, wangu mama, ni kwa kila mlipaji,
Kodi yangu imekwama, Duga nyumbani ni uji,
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa naumwa mie.”

Akinyanyuka, mfuko ukanaswa msumari,
Ukatoka mchaniko mrefu kama safari,
“Vua, funga leso huko, nishone, kisha safiri.”
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

Akajifunga ya kwangu, leso ya korosho tatu,
Imeandikwa: “Si langu, msinitwike la watu,”
Akasoma kwa uchungu, akacheka kama mtu.
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

Nikamaliza. “Ni ngapi?” “Buku mbili, bei poa.”
Akapekua, na wapi! hata senti ya kutoa.
“Kesho, mama, kwani vipi? Jioni nitakomboa.”
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa siumwi mie.

Nikachukua kitabu, tarehe nikaandika,
Jina lake kwa adabu, saini akaiweka.
“Simu sipigi, swahibu, nangoja utakumbuka:
Dawa ya deni kulipa, ugonjwa waumwa weye.”