Jibu kwa Wadai wa Maegesho

Barua yenu ya tatu, nimeipokea jana,
Wino mwekundu wa kutu, muhuri mkubwa sana,
Mwanzo elfu mbili tu, leo kumi mwanibana,
Nami sijala cha mtu, ni nini mnachonena?

Niliegesha, yakini, nyuma ya duka la dawa,
Hapa Malindi mjini, mamangu amezidiwa,
Foleni ile foleni! dakika tisa zikawa,
Kurudi, naona nini? faini nimetegewa.

Kweli, ya kwanza usiku, naliificha kapuni,
Ya pili, ndani ya buku, nikalia msalani,
Nusura niuze kuku, deni litoke shingoni,
Kisha nikatia shuku, picha yenu, kwa makini.

Picha mloniletea, leo ni shahidi wangu:
Kibao chaegemea, nyuma ya lundo la vyungu,
Maneno yaelekea, ukuta, si macho yangu,
Nani wa kuyasomea, mjusi na sungusungu?

Mwatishia mahakama, nanyi si hakimu nyie,
Dalali mnamtuma, mlango auvamie,
Aje! Mlangoni mama, na sindano, amwambie,
Kulipa, mimi nagoma, hadi jaji aridhie.

Ni mimi, Mwanasiti Shekuwe.
Nakala: mwenye vyungu.