Nusu ya Sanduku

Kisanduku ni cha plastiki, kama cha kubebea keki.
Nusu nimejaza udongo wa dukani, usio na historia,
nusu udongo wa bustani ya Bonaria Zuddas,
mweusi, laini, mzito mkononi
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.
Katikati nimeweka nyungunyungu kumi.
Nafunika. Nangoja siku mbili.

Ndiyo kazi yenyewe. Nisikuchoshe na jina lake.
Mashine hunipa tarakimu, zinki kiasi hiki, kadimi kiasi kile,
lakini mashine haina ngozi.
Nyungunyungu hana macho, hana masikio,
ni ngozi tupu toka ncha hadi ncha,
na ngozi haihongeki.

Mgodi wa Monti Arrubiu ulifungwa mwaka niliozaliwa.
Kampuni ilibeba injini, ikabeba hata misumari ya ofisi,
ikatuachia vilima vya mchanga uliosagwa
ambavyo upepo wa Sardinia huvigawa bure,
nyumba hadi nyumba, bila upendeleo.
Risasi hii haikufyatuliwa na bunduki.
Ilitoka shimoni, ikashika mwendo wa mvua,
shubiri kwa mwaka,
na bado inatafuta mtu.

Antioco, mwenye kondoo, alinishika mkono:
"Ubaya uko kule juu, kwenye kifusi.
Hata magugu yamekataa kuota."
Nilipanda. Nikachota. Kweli, kulikuwa na balaa.
Lakini nani anakula kifusi?
Sumu isiyo na njia ni mbwa aliyefungwa.
Mimi hutafuta njia:
mzizi, kwato,
kidole cha mtoto kinachoingia mdomoni,
vumbi kwenye mashuka yaliyoanikwa.

Njia niliikuta kwa Bonaria.
Bustani nzuri kuliko zote bondeni,
spinachi majani mapana kama sahani.
Mumewe, Gesuino, aliichoka ardhi yao ya mfinyanzi.
Basi kila Jumapili, baada ya misa,
alisukuma toroli hadi mgodini
akamletea mkewe mchanga,
mwepesi, mweupe, safi machoni.
Miaka sita ya Jumapili.
Mwingine angeleta maua.

Hesabu yangu ni ya darasa la nne:
gawanya kilichomo kwa kinachovumilika.
Jibu likizidi moja, pana neno.
Kwa Bonaria lilikuja kumi na nne.
Niligawanya tena,
kama mtu anayepapasa mfuko
akijua kabisa kwamba pesa imekwisha.

Siku ya pili nikafunua.
Udongo wa dukani: tisa, wamejikunja pamoja.
Udongo wa Bonaria: hakuna.
Wa kumi nilimkuta chini ya kifuniko,
amegandamana na plastiki, kichwa juu,
hakutaka huku wala kule,
alitaka kutoka.
Fomu ina safu mbili tu. Nilimwandika pembeni, kwa penseli.

"Wamekufa?" Bonaria aliuliza.
"Hapana. Wamehama."
Akacheka, miaka themanini na mmoja, meno yote yake.
"Basi wana akili kuliko Gesuino."
Kisha akanyamaza, akaufuta mkono kwenye aproni,
upande mmoja, halafu upande wa pili.
"Na sanduku langu mimi,
nusu nyingine iko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali.
Nilikuwa na kijitabu chenye picha:
osha mboga, vua viatu mlangoni,
funika matuta kwa udongo mgeni.
Nikampa. Akaishika picha mbali na macho,
akasema mwanamke wa kwenye picha
hajui kushika jembe.

Nilipoaga alikata spinachi,
akalifunga fungu kwa uzi wa kushonea,
akanitia mkononi. Hukatai.
Nyumbani kwetu pia hukatai.

Ni siku ya nne leo.
Liko mezani kwangu maabara, linanyauka,
kati ya chupa zenye namba na tarehe.
Bado sijaliandikia lebo.